Asubuhi ya Septemba Ziwani Naivasha

Msomaji mpenzi, leo nataka tutembee pamoja. Hutalipa nauli wala hutachafua viatu, lakini sharti uamke mapema. Watu wengi huja Ziwa la Naivasha saa nne au saa tano, jua limekwisha kuwa kali. Hupanda mashua, hupiga picha, hula samaki wa kukaanga, kisha hurudi kwao wakasema, "Tumeliona ziwa." Sina ugomvi nao, lakini wamefika wakati wenyeji wamekwisha maliza kazi na kwenda kupumzika. Ukitaka kuwaona wanyama na ndege wa hapa katika shughuli zao, njoo kati ya saa kumi na moja na nusu alfajiri na saa mbili asubuhi. Na miezi mizuri ni hii ya Septemba na Oktoba. Sababu yake nitakueleza tukifika.

Mimi si mtaalamu wa wanyama. Mimi ni karani wa parokia. Kazi yangu ni kuandika vitabu vya ubatizo na ndoa, kupokea michango na kujibu barua. Katika chuo cha ualimu nilifundishwa elimu ya viumbe, nami nimesahau nusu yake. Lakini mwalimu wetu mmoja alitufundisha neno moja ambalo sikulisahau. Alisema kwamba mtu akiketi chini, akanyamaza, akaandika aliyoyaona kwa macho yake, atajua mengi kuliko yule anayeuliza tu. Basi nilinunua daftari la shule, na kwa miaka saba sasa kila Jumamosi ya miezi hii miwili naenda nalo ziwani. Mengi utakayosoma hapa yametoka humo.

Kabla hatujatoka, yafaa tujue twaenda wapi. Ziwa la Naivasha liko katika Bonde la Ufa, karibu kilometa 90 kutoka Nairobi. Katika maziwa yote ya Kenya yaliyo bondeni humo, hili ndilo lililo juu kuliko mengine, karibu meta 1,890 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo usije na shati jembamba. Asubuhi baridi yake huuma masikio. Jina lake limetoka katika Kimasai, Nai'posha, maana yake maji yenye mawimbi. Ukikaa hapa hadi mchana utajua kwa nini, maana upepo huanza kuvuma na maji yaliyolala kama kioo hugeuka kuwa milima midogo. Hiyo ni sababu nyingine ya kuamka mapema.

Maji yake huletwa na mito, hasa Malewa, nao Gilgil. Maji ya Malewa hutoka milima ya Nyandarua. Lakini hakuna mto hata mmoja utokao ziwani. Kwa desturi ziwa la namna hiyo huwa la magadi, kama walivyo jirani zake, Nakuru na Elmenteita. Naivasha ni maji matamu, ng'ombe hunywa na mashamba hunyweshwa. Wataalamu wametueleza siri yake: maji hupenya chini ya ardhi na kwenda zake, yakichukua chumvi pamoja nayo. Mlango wa kutokea upo, ila hauonekani.

Haya, tutoke. Ni saa kumi na moja na nusu, bado giza. Nyota zipo. Upande wa kusini mlima Longonot waonekana mweusi kama chungu kilichopasuka mdomo. Twateremka kwa njia ya Karagita kuelekea ufuko wa umma. Vaa nguo isiyong'aa, uzime simu, na mbwa abaki nyumbani. Kama una darubini, vema. Kama huna, macho uliyopewa yanatosha. Barabarani tutakutana na wafanyakazi wa mashamba ya maua wakienda zamu, wamejifunga shuka na mitandio. Watusalimu, twawasalimu. Huenda mmoja akauliza kama tumepoteza kitu ziwani. Nimezoea.

Sasa simama hapa kwanza. Kabla sijakuonyesha ndege hata mmoja, sharti nikufundishe kanuni ya kiboko.

Kiboko hukaa majini mchana kutwa, lakini chakula chake kiko nchi kavu. Jua likizama hutoka na kula majani usiku kucha, kiasi cha kilo 40 hivi, kisha alfajiri hurudi majini. Hurudi kwa njia zake mwenyewe, nazo huzitumia mwaka hata mwaka hata zikawa mitaro. Utaiona njia hiyo: pana, imekandamizwa, na vichaka vya pembeni vimerushiwa mavi, maana dume huyatapanya kwa mkia kama mtu anayepiga chapa. Kiboko akiwa majini nawe uko mbali ukingoni, hana neno nawe. Akiwa nchi kavu nawe umesimama kati yake na maji, hapo hajui dini wala kabila. Uzito wake ni tani moja na nusu au zaidi, na mbio zake zitakushinda.

Haya sikuyasoma kitabuni. Mwaka wa kwanza wa daftari langu nilikuwa mjuaji. Niliona njia nzuri pana inayoteremka ziwani, nikaifuata gizani, nikisema moyoni kwamba wavuvi wametengeneza njia vizuri. Nilipofika karibu na maji nilisikia nyuma yangu sauti ya majani yakikatwa, kama mtu anayefyeka kwa kisu butu. Kisha sauti ikakoma, nikasikia pumzi. Miguu ilitaka kukimbia mbele, kuelekea majini.

Mzee mmoja mvuvi alikuwa ndani ya mtumbwi wake, hatua thelathini hivi kutoka ukingoni. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya chini, "Karani, usije huku. Toka njiani. Nenda upande wa mti." Nikaenda kando, nikajibanza nyuma ya mgunga, na yule mnyama akapita. Ardhi ilitikisika chini ya viatu vyangu. Aliingia majini bila kuruka, akazama polepole, basi. Nilipoweza kusema tena, mzee aliniuliza, "Wewe mwenye kusoma, njia hii ulidhani ni ya nani?"

Tangu siku hiyo mzee huyo amekuwa mwalimu wangu. Ametega nyavu ziwani zaidi ya miaka arobaini, kwa leseni, naye ndiye atakayetuongoza leo. Mwamkie; hupenda vijana wenye adabu.

Basi twaketi juu ya jiwe, mahali palipo wazi, mbali na njia ile. Twanyamaza. Viboko warudi mmoja mmoja. Wawasikia kabla ya kuwaona. Mmoja akicheka majini, huyu wa nchi kavu hujibu. Ukihesabu masikio na mapua juu ya maji utakosea, kwa sababu wengine wamezama, nao huweza kukaa chini dakika tano hivi bila kupumua. Katika daftari langu siandiki "viboko 14". Naandika "si chini ya 14".

Saa kumi na mbili na robo mbingu huwa nyeupe. Ndipo utakaposikia sauti ambayo hutaisahau: mlio mkali, kama kicheko cha mtu aliye mbali, mmoja huanza na mwingine humjibu. Huyo ni tai mla samaki, ambaye wengine humwita furukombe. Tazama juu ya mgunga ule mkavu uliosimama majini. Kichwa cheupe, kifua cheupe, tumbo la kahawia iliyoiva. Huketi wawili, mume na mke, na walipo hawataki jirani. Atakaa hapo hata utachoka kumtazama; kisha atateremka bila haraka, atanyosha miguu, atamnyakua samaki juu ya maji na kuondoka. Mzee asema kwamba mvuvi angekuwa na subira ya tai, asingehitaji wavu wa macho madogo.

Chini yake, juu ya mti ulioanguka, wale weusi waliotandaza mabawa kama nguo kambani ni mnandi. Wao huzama na kufukuza samaki chini ya maji, na manyoya yao hulowa, ndiyo maana hujianika. Yule mdogo mweupe na mweusi anayesimama hewani mahali pamoja, mabawa yakitetemeka, ni mdiria. Anapima. Sasa ameanguka kama jiwe. Ametoka na kidagaa mdomoni. Mwari nao ni wakubwa, wana mifuko chini ya mdomo, huvua kwa ushirika: hujipanga nusu duara, huwasukuma samaki mbele, kisha huinamisha vichwa vyote kwa pamoja. Wavuvi wetu hawajaweza kukubaliana namna hiyo.

Ng'ambo ya maji, kisiwa kile kilichopinda kama mwezi mchanga chaitwa Crescent Island. Ni ukingo wa kasoko ya volkeno ya zamani iliyozama. Maji yaliyo katikati yake ndiyo yenye kina kuliko mahali pengine ziwani. Kule kuna twiga, punda milia na swala, nao wageni hutembea kwa miguu kati yao, kwa kuwa hakuna simba. Upande wetu huu tutawaona kuro, wale wenye duara jeupe matakoni, wakitoka kwenye mafunjo na umande ukiwadondoka.

Nimetaja mafunjo. Ni yale majani marefu kuliko mtu, yenye vichwa kama mafagio, yanayoota kando ya maji. Yatazame vizuri, maana habari yangu ya leo imo humo.

Sasa nitakueleza kwa nini nakuleta mwezi wa Septemba. Huko Ulaya miezi hii ni mwanzo wa majira ambayo majani ya miti hugeuka rangi na kupukutika. Vitabu vingine huyaita majira ya vuli, jambo linalotuchanganya, maana vuli yetu ni mvua zinazokuja Oktoba na Novemba. Usiku kwao huanza kuwa mrefu, wadudu hupungua, na ndege wanaokula wadudu huona njaa inakuja. Basi huondoka. Na ni ndege hao ambao sisi twawaona wakifika hapa wakati huu.

Wa kwanza ni yule mdogo wa rangi ya udongo, anayetembea ukingoni huku akitikisa mkia na kiuno kana kwamba anasikia ngoma. Huyo hata Agosti amekwisha fika. Baadaye, hasa Oktoba, huja wengine wadogo wenye kifua cha njano, ambao hufuata miguu ya ng'ombe wakiokota nzi. Lakini ninayemngoja mimi ni mbayuwayu. Si yule anayejenga chini ya paa zetu mwaka mzima. Huyu wa safari ana mgongo wa buluu iliyokoza, koo jekundu kama kutu, na mkia wenye nyuzi mbili ndefu. Uzito wake ni gramu 20 hivi, kama vijiko vichache vya sukari. Amevuka bahari na jangwa la Sahara kufika hapa. Katika daftari langu mwaka jana nimeandika: "Jumamosi ya tatu ya Septemba. Mbayuwayu wanane juu ya mafunjo. Wamefika."

Zamani watu wa Ulaya hawakujua waendako. Waliwaona jioni za majira hayo wakikusanyika kwa maelfu juu ya matete ya maziwa yao, wakalala humo. Kisha asubuhi moja hawapo. Wakasema, basi wameingia majini. Mwaka 1555 Olaus Magnus, askofu mkuu wa Uswidi, aliandika katika kitabu chake kwamba wavuvi wa kaskazini huwavuta mbayuwayu kwa nyavu kutoka chini ya barafu, wameshikana mdomo kwa mdomo na bawa kwa bawa. Hata Linnaeus, mtaalamu yule mkubwa wa karne ya 18 aliyewapa viumbe majina ya Kilatini, aliamini kwamba hulala chini ya maji. Usiwacheke. Waliona mwanzo wa habari tu. Mwisho wake ulikuwa huku kwetu.

Jibu lililo wazi lilikuja kwa pete. Mwezi wa Mei 1911, mwanasheria mmoja wa Uingereza, John Masefield, alimfunga mbayuwayu pete ndogo mguuni nyumbani kwake Staffordshire, nayo imechongwa anwani ya London. Mwezi wa Desemba 1912 ndege huyo alikamatwa katika nyumba ya shamba huko Natal, Afrika ya Kusini. Mwenye shamba akaandika barua kwa anwani ile. Mimi ninayejibu barua kila siku napenda sana habari hiyo. Jambo lililowashinda wenye elimu kwa karne nyingi lilimalizwa na mtu wa shambani aliyeona haifai kuitupa pete bila kumjulisha mwenyewe.

Mbayuwayu wakifika kwetu hulala wapi? Usiku hulala mafunjoni, kama walivyolala katika matete ya kwao. Mchana hula mbu na nzi wa ziwani. Bila mafunjo hawana kitanda.

Sasa nafika penye uzito, nami naomba unisikilize kwa utulivu, kwa sababu sikuleta hapa kucheza.

Mwaka juzi, mwezi kama huu, kijana mmoja wa mtaa wetu aliuawa na kiboko. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alishuka gizani kuvua kwa miguu, akiburura wavu kwenye maji mafupi kama wafanyavyo wengi wasio na mashua wala leseni, kwa kuwa nyumbani kulikuwa na haja. Hakuwa mwizi wala mlevi. Mimi ndiye niliyeandika jina lake katika kitabu cha wafu, nami ndiye niliyekuwa nimeandika cheti chake cha Kipaimara.

Baada ya mazishi watu walikutana. Wengi walisema mafunjo yachomwe moto yote upande ule, ili viboko wakose pa kujificha, na mahali pale pageuzwe mashamba ya mboga. Wakaniomba mimi, kwa kuwa naandika vizuri, niandike barua ya kuomba ruhusa. Nikasema kwa upole kwamba huenda tungefikiri kwanza, maana mafunjo yana faida, na ndege wengi hulala humo. Nilitaja mbayuwayu. Lilikuwa kosa. Mama wa marehemu aliinuka, hakupaza sauti, akaniuliza, "Karani, ndege wa Ulaya wana thamani kuliko mwanangu?"

Msomaji, sikuwa na jibu. Niliketi. Hata leo nikikumbuka uso wake naona haya, kwa maana nilisema la kweli mahali pasipo pake.

Aliyejibu ni yule mzee mvuvi. Alimpa mama pole kwanza, kwa maneno mengi, kama ipasavyo. Kisha akasema, "Kiboko hakumfuata kijana wetu kwa sababu ya mafunjo. Alimkuta njiani. Na kwa nini njia ziko chache? Sisi tumezifunga. Kila maji yakirudi nyuma twasogeza shamba mbele na kuweka ua. Mwaka 2009 maji yalipokauka sana, wangapi hapa walilima mahali palipokuwa ziwa? Na mwaka 2020 maji yaliporudi, wangapi walitolewa nyumbani Kihoto kwa mashua? Ziwa lina pumzi. Huingia na kutoka. Mafunjo ndiyo ngozi yake. Mkiyachoma, udongo wa Malewa utaingia ziwani bila kuchujwa, samaki watakosa pa kutaga, na kiboko atakuja moja kwa moja katika mboga zenu, kwa kuwa hakuna kitu kati yenu."

Watu walinyamaza. Nami nilikumbuka somo nililolisahau nusu: mafunjo hushika matope na kuchuja maji yanayoingia, na samaki wadogo hukulia humo. Ziwa hili limekwisha kupata mitihani mingi bila ya sisi kuongeza mwingine. Kamba wekundu wa maji baridi, ambao asili yao ni Marekani, walitiwa humu mwaka 1970, wakala mayungiyungi na majani ya chini ya maji karibu yote katika miaka iliyofuata. Gugu maji lilionekana mwaka 1988. Ndiyo, tangu mwaka 1995 ziwa limeandikwa katika orodha ya Ramsar, yaani ardhi zenye maji ambazo mataifa yamepatana kuzitunza. Lakini orodha haishiki panga la mtu anayekata mafunjo usiku. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo.

Basi barua ile sikuiandika. Niliandika maazimio mengine, manne tu, nayo yangali yamebandikwa mlangoni mwa duka. La kwanza, njia tatu za viboko za upande wetu zisifungwe wala kulimwa. La pili, mtu asishuke majini kabla ya jua kuonekana. La tatu, anayechota maji achote mahali palipo wazi, na asiende peke yake. La nne, mwenye kukata mafunjo ya kusuka mikeka akate yaliyokomaa, ayaache mashina na mizizi, wala asichome.

Sitakudanganya kwamba yote yanafuatwa. Mwaka huu nimekuta kipande kimoja kimeungua, na mahali nilipozoea kuwaona mbayuwayu jioni pamebaki majivu na nyanya. Wenye nyanya hizo nawajua, nao wana watoto wa kulisha. Nimezungumza nao mara mbili, nitazungumza mara ya tatu. Lakini njia zile tatu zi wazi, na tangu mkutano ule hatujamzika mtu wa mtaa wetu kwa sababu ya kiboko.

Na yule mama? Kwa muda wa mwaka mzima hakunisemesha ila salamu. Kisha Jumamosi moja ya Septemba iliyopita, nilipokuwa nafunga mlango alfajiri, nilimkuta amesimama nje na mtoto wake wa mwisho, mvulana wa miaka kumi na mmoja. Alisema, "Huyu naye anapenda maji kama kaka yake. Siwezi kumfungia. Mfundishe njia za viboko." Hakusema lingine, akarudi nyumbani.

Tangu hapo natembea na mwanafunzi. Huniita mwalimu, ingawa sifundishi shule yoyote. Ana daftari lake, na hati yake ni mbaya, lakini macho yake ni makali kuliko yangu. Yeye ndiye aliyeona mbayuwayu wa kwanza mwaka huu, nami nilikuwa nimeinama nikifunga kamba ya kiatu.

Saa tatu inakaribia, msomaji. Ukungu umekwisha, mashua za wageni zaanza kunguruma, na upepo wa kwanza umegusa maji. Tai amenyamaza. Twende nyumbani tukanywe chai. Kama unakaa mbali na Naivasha, huenda pana ziwa, bwawa au kijito karibu nawe, na mbayuwayu hao hao watapita juu yake miezi hii. Nenda alfajiri, pamoja na mtu anayejua mahali, uketi kitako, uandike. Na kama una mtoto, mchukue. Lakini mfundishe njia kwanza, ndege baadaye.

Jumamosi iliyopita tulipokuwa tunateremka gizani, mimi nikieleza habari ya pete ya Natal, nilihisi nimeshikwa mkono wa koti. "Mwalimu," mtoto alinong'ona, "tusipite hapa. Mavi haya ni ya sasa hivi." Nikainama nikaona yanatoa moshi. Tukaenda kando, tukasimama nyuma ya mgunga, tukangoja. Mwenye njia akapita.